Rolibaa ya kuchomelea nyumbani: abiria wa nyuma waulizwe kwanza

Jumamosi moja asubuhi tuliitwa nyuma ya nyumba fulani mtaani Katoloni, mjini Machakos, kuangalia gari. Ukiwa kijana wa Machakos na uitwe kuangalia gari, huulizi ni la aina gani. Ilikuwa Subaru Impreza, buluu, rimu za dhahabu, bonneti yenye tundu la kuvuta hewa, na ekzosi ambayo mdomo wake unameza ngumi. Mwenyewe ni jamaa wa miaka 26 anayejitafutia riziki kwa kufunga intaneti majumbani. Alitufungulia mlango wa nyuma polepole, kama mtu anayefungua sefu ya benki.

"Ingieni muone kitu," akasema.

Kitu chenyewe kilikuwa rolibaa. Kwa msomaji asiyejua, hii ni nguzo ya chuma iliyopindwa mfano wa upinde, inayosimama ndani ya gari nyuma ya viti vya mbele, kutoka sakafu upande mmoja, ikapita chini ya paa, ikashuka sakafuni upande wa pili. Kisha kuna vyuma viwili vinavyoushikilia upinde huo kwa nyuma ili usianguke. Kazi yake ni moja tu: gari likipinduka, paa lisishuke likakutana na kichwa chako. Ukiongeza vyuma vya mbele, vya milango na vya paa, rolibaa inakuwa kizimba kamili, kile unachokiona ndani ya magari ya mashindano pale Naivasha.

Fundi alikuwepo pia. Ni mzee wa makamo ambaye kazi yake ya kila siku ni mageti na madirisha, na kazi hiyo anaijua barabara. Kijana alimuuliza mbele yetu, "Mzee, hii inaweza kung'oka kweli?" Fundi akaigonga kwa nyundo, ikalia ngooo. "Kijana wangu, hii hata trela ikilala juu yake, wewe utatoka ukijipangusa vumbi."

Hapo ndipo tulipoamua kukaa kiti cha nyuma. Tulikuwa wawili, mwingine wetu akiwa mrefu kiasi. Upinde ulikuwa mbele ya nyuso zetu, karibu kiasi kwamba ungeweza kuulamba. Gari likifunga breki kwa ghafla, chuma hicho ndicho kitakachokupokea kwa paji la uso. Na kile chuma kimoja cha nyuma kilipita begani mwa mwenzetu kama mkono wa jirani anayetaka kuazima pesa.

Tulimuuliza mwenye gari kama huwa anabeba watu nyuma. Alicheka. "Wikendi siwezi kosa watatu."

Msimamo wetu ni huu, na tunausema mapema ili asiyekubaliana aanze kukasirika sasa: rolibaa ndani ya gari linalobeba marafiki si kifaa cha usalama. Ni hatari mpya iliyoongezwa juu ya zile za zamani, na mara nyingi anayeilipia si yule aliyeitaka.

Tunajua mapenzi haya yametoka wapi, na hatuyacheki. Nchi hii imelelewa na Safari Rally tangu 1953. Baba zetu walisimama kando ya barabara za vumbi kumtazama Patrick Njiru akipita na Subaru miaka ya 1990, na sisi tulisubiri hadi 2021 ndipo mashindano ya dunia yakarudi. Mwaka uliofuata Maxine Wahome akashinda daraja la WRC3 akiwa na Ford Fiesta. Hapa kwetu Machakos, magari ya mashindano ya kitaifa yamewahi kupasua vumbi la Lukenya. Kijana akiona hayo yote, halafu apate Impreza iliyotumika kutoka Japani, unategemea aipeleke kwa fundi akaiongezee nini, kinanda?

Tena kizimba kinafanya kazi, hakuna ubishi. Januari 2020, kwenye mashindano ya Monte Carlo, Ott Tänak na mwelekezi wake Martin Järveoja walitoka barabarani kwa kasi ya takriban kilomita 180 kwa saa. Hyundai yao ikaruka kwenye mteremko, ikajibiringisha kati ya miti, ikatua kwenye barabara ya chini. Wote wawili wakatoka kwa miguu yao. Video hiyo imezunguka kwenye simu zetu zote, na kila mara kuna mtu anayesema, "Umeona kazi ya keji?"

Tumeiona. Lakini angalia walichokuwa wamevaa na walichokuwa wamekalia. Helmeti. Kola ya kushika shingo ili kichwa kisichomoke mbele. Mikanda inayokufunga mabega yote mawili, kiuno na mapaja. Kiti kigumu cha kipande kimoja, kilichobanwa kwenye bodi, ambacho hakilali nyuma. Na kiti cha nyuma hakikuwepo kabisa. Kizimba kile ni kiungo kimoja katika mchuzi wenye viungo vitano. Ukichukua pilipili peke yake ukaimeza, usilaumu mpishi.

Sasa rudi kwenye Impreza ya Katoloni. Dereva ana mkanda wa kawaida unaovuka bega moja. Huo mkanda umetengenezwa ulegee kidogo wakati wa ajali ili usivunje mbavu, kwa hivyo mwili na kichwa husogea. Hana helmeti, na hawezi kuivaa akienda Naivas kununua mkate. Akigongwa kutoka nyuma, kiti cha kawaida hulala nyuma, na kichwa kinakwenda moja kwa moja kwenye chuma. Akigongwa ubavuni, kichwa kinakwenda upande, chuma kinamngoja tena. Gari lilipotoka kiwandani mahali hapo palikuwa wazi. Wahandisi waliacha nafasi hiyo makusudi.

"Lakini nimeweka sponji," mwenye gari alisema. Kweli alikuwa ameweka, ile nyeusi laini ya kufunika mabomba ya maji ya moto. Unaweza kuibonyeza kwa kidole hadi ukagusa chuma. Sponji za magari ya mashindano ni ngumu, zina kiwango chao maalumu cha FIA, na zimetengenezwa zikijua kwamba kitakachozigonga ni helmeti. Kichwa kitupu hata hizo zitakiumiza.

Tuje kwenye chuma chenyewe, maana hapa ndipo udanganyifu unapokaa, na fundi wetu hakuwa na nia mbaya hata kidogo.

Alinunua bomba la maji lililopakwa zinki, la inchi moja na nusu. Ukilipima kwa nje linakaribia milimita 48, na ukuta wake ni mnene. Kanuni za FIA zinataka upinde mkuu uwe wa bomba la milimita 45 lenye ukuta wa 2.5, au milimita 50 lenye ukuta wa 2. Kwa macho, bomba la maji linafaulu mtihani. Na ndiyo sababu linawadanganya wengi. Kanuni hizo hizo zinataka chuma kisicho na mshono, kilichovutwa kikiwa baridi, kinachostahimili mvuto usiopungua nyutoni 350 kwa kila milimita ya mraba. Bomba la maji mara nyingi ni bamba lililokunjwa likaunganishwa kwa mshono kwa urefu wote, na limetengenezwa kubeba maji. Hakuna aliyelipima kama linaweza kubeba gari la zaidi ya tani likianguka kwa pembe moja ya paa. Huenda likastahimili, na huenda likafunguka pale kwenye mshono. Hutajua hadi siku yenyewe.

Halafu kulipinda. Fundi alijaza mchanga, akawasha moto, akapinda kwa mabavu. Njia hiyo ya mchanga ni ya akili, na kwa kiti cha bustani hatuna neno. Kwa rolibaa, chuma kinatakiwa kupindwa kikiwa baridi, kwa mashine, na kona iwe pana: nusu kipenyo yake isipungue mara tatu ya upana wa bomba, yaani karibu sentimita 14 kwa bomba la milimita 45. Kona ikiwa kali kuliko hapo, upande wa ndani unakunjamana na bomba linageuka bapa. Tulipopitisha kidole kwenye kona ya kushoto ya upinde ule, mikunjo ilihesabika.

Na ile zinki. Chuma huyeyuka karibu na nyuzi 1,500 za Selsiasi, zinki huchemka ikifika 907 tu. Ukichomelea bomba lililopakwa zinki bila kuiondoa kwanza, unatengeneza moshi mweupe unaoingia mapafuni. Fundi alisema kwamba usiku ule alitetemeka kwa baridi na homa, akadhani ni malaria. Wachomeleaji wengi wa mitaa yetu wanaijua homa hiyo bila kujua jina lake, na wengine huambiwa wanywe maziwa. Maziwa ni mazuri, lakini barakoa inayofaa na grainda ya kuondoa zinki ni bora zaidi.

Kinachotutisha kuliko vyote ni miguu ya upinde. Ilichomelewa moja kwa moja kwenye sakafu ya gari. Sakafu ya gari dogo ni bati jembamba. Ukibonyeza kwa jeki mahali pasipofaa, inabonyea. Gari likipinduka, upinde unakuwa msumari, na bati hilo ni karatasi. Chuma kinatoboa, kinashuka, paa linashuka nacho. Ndiyo maana kanuni zinataka kila mguu wa upinde mkuu ukae juu ya bamba la angalau milimita 3, lenye eneo la angalau sentimita 120 za mraba, ili uzito utawanyike. Kama rolibaa ni ya kufunga kwa bolti, bolti ziwe tatu au zaidi kwa kila mguu, M8 kwenda juu, zenye alama ya 8.8 kichwani, na upande wa chini wa sakafu kuwe na bamba jingine la kubana bati katikati. Miguu ya nyuma nayo ielekee nyuma ikiwa imenyooka, kwa mwinamo wa angalau nyuzi 30 kutoka wima. Ile tuliyoiona ilisimama karibu wima, kwa sababu mwenye gari hakutaka kupoteza nafasi ya spika kwenye buti. Spika!

Kuna jambo dogo ambalo mafundi wa magari ya mashindano wanalijua na wa mageti hawana sababu ya kulijua. Upinde ukishasimama chini ya paa, huwezi kufikisha kifaa cha kuchomelea upande wa juu wa maungio, kwa hivyo nusu ya ungio inabaki wazi. Wanaojua kazi hutoboa sakafu pale miguu itakapokaa, wanashusha kizimba kizima kupitia matundu hayo, wanachomelea juu kwa raha, kisha wanakiinua na kuweka mabamba chini yake. Ukitaka kujua kama kazi ya fundi wako ni ya kweli, chukua kioo kidogo cha kujipodoa, kiweke kati ya chuma na paa, utazame. Sisi tuliazima kioo cha dadake mwenye gari. Tuliona chuma kitupu kisichoguswa na moto.

Na uzima wa fundi mwenyewe? Tangi la mafuta la Impreza liko chini ya kiti cha nyuma. Nyaya za gari hupita chini ya kapeti, kandokando ya milango, karibu kabisa na pale miguu ya upinde inapokaa. Kabla ya cheche moja kuruka, viti vinatakiwa kutoka, kapeti litoke, betri ifunguliwe na iachwe muda kabla ya kugusa chochote cha mifuko ya hewa, tangi litolewe kama kazi iko karibu nalo, na mtu asimame hapo na mtungi wa kuzima moto. Kwenye ua ule wa Katoloni kulikuwa na ndoo ya maji. Maji, juu ya petroli na umeme.

Sasa, mtu atasema tunawavunja moyo vijana na mafundi wa jua kali. Hapana. Kuna rolibaa za kununua zilizotengenezwa kwa vipimo vya modeli maalumu ya gari, za kufunga kwa bolti, na mtu makini mwenye spana, drili na wikendi mbili anaweza kuifunga nyumbani ikakaa sawasawa. Kuifunga nyumbani si dhambi. Ila baada ya kuifunga, gari hilo limebadilika kazi. Kiti cha nyuma kinatoka na hakirudi. Cheti cha umiliki kinasema watu watano, lakini sasa ni wawili, na NTSA inafaa kujua kwamba gari si lile lililosajiliwa. Kampuni ya bima pia iambiwe kabla ya ajali, kwa maana ikigundua baada yake itakuwa na sababu nzuri ya kufunga mfuko. Mabadiliko hayo ni makubwa, na anayeyakubali kwa moyo mkunjufu ndiye tunayemwamini kwamba anataka mbio.

Wengi hawayakubali. Wanataka rolibaa, wanataka na kiti cha nyuma, wanataka na beshte watatu wa kwenda nao Kyamwilu, pale Kituluni, kuweka gari nyutro na kulitazama likionekana kupanda mlima lenyewe. (Macho yanadanganywa na umbo la ardhi, lakini usimwambie hivyo mtu aliyetoka Nairobi kuja kushangaa.) Wanataka picha. Chuma kinachoonekana kupitia dirisha la nyuma kinasema, "Huyu si mchezo." Na kikishakaa pale, mguu wa kulia nao unaanza kukiamini. Yule jamaa alikiri mwenyewe kwamba tangu aweke chuma, kona za barabara ya kushuka kutoka Mua anazikata kwa kasi ambayo zamani angeiogopa. Hofu ile ya zamani ilikuwa inamlinda vizuri kuliko bomba la maji.

Kila mwaka barabara za Kenya zinaua zaidi ya watu 4,000. Mombasa Road kutoka Mlolongo hadi Kyumbi na kwenda mbele hadi Salama imechukua sehemu yake, na sisi tuliokua enzi za Masaku Sevens tunakumbuka wikendi ambazo barabara ile ilijaa magari yenye vijana watano watano, muziki juu, mkanda hakuna. Mkanda ule John Michuki aliulazimisha kwenye matatu mwaka 2004, na wengi walimcheka. Hadi leo kwenye magari yetu binafsi, wanaokaa nyuma wanaukalia badala ya kuuvaa. Kabla hujaongeza chuma, hesabu ni mikanda mingapi ya nyuma inayofanya kazi katika gari lako. Katika Impreza tuliyoikalia, mmoja ulikuwa umebanwa chini ya mguu wa rolibaa. Haukuweza kuvutwa tena.

Lakini lawama haiwezi kumwishia kijana peke yake. Shirikisho la mbio za magari nchini, KMSF, lina kanuni na wakaguzi wanaojua kutofautisha kizimba na geti. Ujuzi huo uje Machakos. Siku moja kila miezi michache, kwenye uwanja wa vumbi huko Lukenya, kijana alete gari lake, likaguliwe, avae helmeti ya kuazima, azunguke vigingi peke yake akishindana na saa. Mbio za namna hiyo, za gari moja moja kwenye kiwanja kilichofungwa, ndipo madereva wengi wanapoanzia. Kaunti ina ardhi, ina hoteli tupu katikati ya wiki, na inatafuta wageni. Vyuo vyetu vya kiufundi vina vijana wanaojifunza kuchomelea ambao kila mwaka hutengeneza geti lile lile la mtihani. Wapeni mashine ya kupinda bomba na michoro ya FIA muone. Yule fundi wa Katoloni alipoonyeshwa kwa simu jinsi bamba la chini ya sakafu linavyokaa, alielewa kwa dakika mbili. "Kumbe uzito unatafuta njia ya kutawanyika," akasema. "Hili hakuna aliyewahi kuniambia." Kisha akamgeukia mwenye gari: "Wewe uliniambia unataka ionekane."

Kijana alinyamaza kidogo. Alisema atafikiria. Huenda ataitoa, huenda atatoa kiti, hakutaka kusema mbele ya wenzake, nasi hatukumsukuma. Wenzake wawili walikuwa wamefika wakati huo, tayari wamevaa miwani ya jua, wakitaka kujua kama safari ya Kyumbi bado ipo.

"Nyinyi pia twende, kuna nafasi nyuma," akatuambia.

Tulimshukuru, tukatembea hadi stendi, tukapanda matatu.